Msamaha Hauna Foleni

Hakuna Mlutheri aliyekulia katika usharika wa kijijini asiyejua maana ya maneno "kurudi kundini". Binti amepata mimba kabla ya ndoa. Jina lake linafika kwa wazee wa kanisa. Anaambiwa asikaribie Meza ya Bwana, asiimbe kwaya, asifundishe Shule ya Jumapili. Miezi inapita, pengine mwaka. Siku ikifika anaitwa mbele ya usharika mzima, mtoto mgongoni, anaulizwa maswali, anajibu kwa sauti ndogo, anaombewa, kisha inatangazwa kwamba sasa amepokelewa. Akina mama wanapiga vigelegele, na ibada inaendelea na matangazo.

Sisi tunaohudumu huku Mgori, mkoani Singida, hatuna ugomvi na vigelegele hivyo. Furaha ya aliyepotea kuonekana ni furaha ya mbinguni. Swali letu ni moja, nalo linahusu miezi ile iliyotangulia. Binti wa namna hii mara nyingi hulia mbele za Mungu usiku ule ule anapojua ana mimba. Huungama. Huomba msamaha. Je, katika miezi yote anayokaa benchi la nyuma akingoja tarehe ya wazee, amesamehewa au hajasamehewa?

Majibu ni mawili tu. Kama Mungu amekwisha kumsamehe, basi usharika unamnyima mtoto wa Mungu chakula cha Baba yake. Kama hajasamehewa, basi damu ya Kristo inangoja kikao cha baraza la wazee kipate akidi. Jibu la kwanza ni la aibu. La pili ni uzushi. Jibu la tatu hakuna, ingawa limetafutwa miaka mingi.

Kwa hiyo tunasema wazi: mwenye dhambi anayetubu husamehewa papo hapo, msamaha wote, bila malipo, na kanisa halina mamlaka ya kumpanga kwenye foleni. Desturi ya kumtenga mtu aliyekwisha kutubu, kwa muda uliopangwa, "ili iwe fundisho", haistahili kuitwa nidhamu ya Kikristo. Ni malipo. Na kulipia dhambi ndicho kitu ambacho kanisa letu lilizaliwa likikipinga.

Tukumbushane. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95 kule Wittenberg, Ujerumani. Wakati huo mhubiri Johann Tetzel alikuwa akizunguka akiuza vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi. Sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, na sehemu ililipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Hoja ya kwanza kabisa ya Luther ilihusu toba: kwamba toba ni ya maisha yote ya Mkristo, wala si tendo la siku moja ambalo mtu hulimaliza akapewa cheti. Wengi wetu tunakumbuka habari ya vyeti na fedha. Tunasahau kwamba jambo lililomuumiza Luther kama mchungaji lilikuwa watu wake mwenyewe, waliokuwa wakiondoka kwenda kununua kile ambacho Kristo alikwisha kuwapa bure.

Tarehe 25 Juni 1530, Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano. Ungamo hilo ni letu hadi leo. Sisi wachungaji tuliwekwa wakfu tukiapa kulifuata. Kifungu cha 4 kinafundisha kwamba tunahesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani, na si kwa matendo yetu. Hicho wengi wanakifahamu. Kifungu cha 12 hakisomwi sana, nacho ndicho kinachotuhusu hapa. Kinafundisha kwamba walioanguka dhambini baada ya kubatizwa wanaweza kusamehewa wakati wowote wanapogeuka, na kwamba kanisa linapaswa kuwapa ondoleo la dhambi wanaporudi. Tena, miongoni mwa wale ambao kinawakataa wamo wale waliogoma kuwapokea walioanguka, na wale wanaofundisha kwamba mtu hustahili neema kwa kulipa fidia ya dhambi yake.

Zingatieni maneno "wakati wowote". Kifungu hakisemi baada ya miezi sita. Hakisemi baada ya mtoto kuzaliwa, wala baada ya ndoa kubarikiwa. Anayeweka kalenda mahali ambapo Ungamo letu limeweka "wakati wowote" amebadili mafundisho ya kanisa, hata kama amefanya hivyo kwa unyenyekevu na kwa jina la utaratibu.

Na tuitazame ibada yetu ya kila Jumapili. Mwanzoni tunaungama dhambi wote kwa pamoja. Mchungaji anatangaza ondoleo. Hatoi ondoleo kwa madaraja. Pale bendini amekaa mtu aliyemega shamba la mjane kwa kusogeza mpaka. Naye anasikia kwamba Mungu huwasamehe wanaotubu. Yupo aliyekopesha jirani yake wakati wa njaa akadai marudufu wakati wa mavuno ya alizeti, naye anasikia. Yupo aliyesengenya wiki nzima; naye anasikia, na baada ya nusu saa anapiga magoti kwenye Meza ya Bwana. Ni binti mmoja tu, benchi la nyuma, anayesikia maneno yale yale huku amekwisha kuambiwa kwamba hayamhusu mpaka mwezi fulani.

Kosa lake limezidi yale mengine kwa kitu gani? Kwa kitu kimoja: linaonekana. Dhambi ya mpaka wa shamba haina tumbo. Riba haichuchumai wala kutapika asubuhi. Tukiadhibu dhambi zinazoonekana peke yake, kanisa halitawafundisha vijana usafi wa moyo. Litawafundisha kujificha. Na hofu ya aibu hiyo imewasukuma mabinti kuficha mimba wasiende kliniki, na wengine kufanya mambo yaliyohatarisha roho zao na za watoto wao. Wanaosema "tukilegeza, watoto watajifunza nini?" wajibu kwanza swali hili: wanajifunza nini sasa?

Tunajua tutakavyojibiwa, na hoja za ndugu zetu si za kipuuzi. Tuzichukue moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba nidhamu imo katika Maandiko. Ni kweli. Mathayo 18 inaeleza hatua za kumrudi ndugu aliyekosa, na Paulo katika 1 Wakorintho 5 aliagiza mtu mmoja aondolewe katika ushirika. Lakini tusome vizuri. Katika Mathayo 18 hatua ya kwanza ni ninyi wawili, faraghani. Kusudi ni kumpata ndugu yako. Anayefikia hatua ya mwisho ni yule aliyekataa kusikia mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Yule aliyesikia katika hatua ya kwanza, shauri lake limekwisha pale pale. Hakuna anayepaswa kumpeleka mbele. Na mara tu baada ya maneno hayo Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye Bwana anampa hesabu ambayo hakuna mzee wa kanisa awezaye kuitunza daftarini.

Paulo naye asisomwe nusu. Katika 2 Wakorintho 2 anaandika juu ya mtu aliyeadhibiwa na usharika, na wafafanuzi wengi wa zamani walimwona kuwa ndiye yule yule. Anasema adhabu aliyopata inatosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Anaongeza kwamba Shetani hutumia nafasi kama hiyo. Kwa Paulo, Shetani hapati nafasi katika dhambi ya mkosaji peke yake. Anaipata pia pale usharika unapochelewa kusamehe. Kutengwa ni kwa ajili ya asiyetubu, ili atubu. Kumtenga anayetubu ni kumnywesha dawa mtu aliyekwisha kupona, na kuendelea kumnywesha mpaka augue.

Hoja ya pili ni ya neema rahisi. Watu wenye elimu watatutajia Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyenyongwa na utawala wa Hitler tarehe 9 Aprili 1945, ambaye mwaka 1937 alionya dhidi ya neema inayogawiwa kama bidhaa ya kutupa. Onyo lake tunalipokea kwa mikono miwili. Lakini neema rahisi aliyoipinga ni msamaha bila toba na neema bila kumfuata Kristo. Binti anayelia hajaomba neema ya namna hiyo. Na tukiona neema inaelekea kuwa rahisi, dawa yake si kuipandisha bei. Neema ni ya thamani kubwa kwa sababu imelipiwa, na imelipiwa msalabani, deni lote. Anayemdai mwenye dhambi salio anasema kwamba msalaba ulilipa kwa awamu na kwamba awamu ya mwisho iko kwa wazee wa kanisa.

Hoja ya tatu ndiyo tunayoisikia zaidi: ndivyo tulivyokuta. Wazee wetu walipokea hivi, na utaratibu huu umelilinda kanisa. Tunawaheshimu waliotutangulia. Injili ilifika huku Singida kwa taabu kubwa, kwa wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani na baadaye wa Augustana kutoka Marekani, na zaidi kwa wainjilisti wetu wenyewe waliotembea kwa miguu kati ya mawe haya makubwa kabla hatujazaliwa. Walikabidhi vitu viwili: Injili, na taratibu za kuwatunza Wakristo wachache waliokuwa wakitoka katika desturi nyingine. Taratibu zina umri. Injili haina. Kumheshimu mzazi si kuvaa viatu vyake hata vikikubana.

Tena, tukitazama mila zetu wenyewe, mabaraza ya wazee vijijini yametushinda katika jambo hili. Mtu akikosa, anaitwa, anasikilizwa, anatozwa. Akilipa, shauri limefungwa; anayelifufua ndiye atakayekuwa na kosa jipya. Sisi tunahubiri kwamba Kristo amelipa faini yote, halafu shauri linaendelea kuwa wazi. Jirani asiye Mkristo akitutazama ataona nini? Ataona kwamba mbuzi wa baraza anafunga kesi, na Mwanakondoo wa Mungu hafungi.

Kuna jambo lingine ambalo ni lazima tulitaje, nalo ni mwanamume. Mimba haiji kwa upepo. Katika Yohana 8 walimleta kwa Bwana mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi. Torati, katika Walawi 20:10, iliwataja wote wawili. Mwanamume alikuwa wapi? Mara nyingi yupo kwaya, sauti ya nne. Au amehamia mjini Singida na kila mtu anajua anakofanya biashara. Au ametajwa, amekana, na kikao kikasema hakuna ushahidi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nidhamu inayoweza kumpata mmoja tu kati ya wawili waliotenda jambo moja haistahili kuitwa ya Mungu, kwa maana Mungu hapendelei uso wa mtu.

Hapa tunataka tueleweke sana, kwa sababu wapo watakaotumia neno "neema" kufunika uovu. Binti aliye chini ya miaka 18 hakutenda kosa pamoja na mtu mzima, ametendewa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaita jambo hilo ubakaji, hata kama inasemwa aliridhia, na mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kumsimamisha mtoto wa aina hiyo mbele ya usharika aombe radhi ni kumhukumu aliyeumizwa. Na kuyamaliza kifamilia, kwa ng'ombe au kwa bahasha, si msamaha hata kidogo. Aliyetenda akitubu kwa kweli, Mungu atamsamehe siku hiyo hiyo, naye aende polisi akiwa amesamehewa. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana aliahidiwa Paradiso siku ile ile, lakini hakushushwa msalabani. Msamaha wa Mungu na haki ya mahakama havigombani. Wanaovigombanisha ni wale wanaotaka kimoja wakimbie kingine.

Kwa miaka mingi nchini mwetu msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule na mlango ukafungwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi katika shule za umma baada ya kujifungua. Wapo waliopinga kwa hoja zile zile tunazozisikia kanisani: wengine wataiga, maadili yataporomoka. Lakini mlango ulifunguliwa. Tafakarini hilo, wapendwa. Waziri wa elimu haitwi mtumishi wa neema. Kazi yake ni madarasa na mitihani. Kama darasa la kidato cha pili linaweza kumpokea binti pamoja na historia yake, Meza ya Bwana, iliyoandaliwa kwa ajili ya wenye dhambi na kwa wenye dhambi peke yao, itaweza kumfungia kwa sababu gani?

Na mtoto je? Katika baadhi ya sharika mtoto hangojewi jina tu. Hangojewi cheti tu. Anangoja ubatizo mpaka mama yake "arudi". Kanisa la Kilutheri hubatiza watoto wachanga kwa sababu moja kubwa: kwamba mtoto hana chochote cha kuleta, na neema humtangulia. Tukisema huyu angoje kwa sababu ya mama yake, tumeweka sharti juu ya sakramenti ambayo fahari yake yote ni kutokuwa na sharti la sifa. Nabii Ezekieli, sura ya 18, alikwisha kufuta methali ya watoto kutiwa ganzi meno kwa zabibu walizokula wazazi. Tusiiandike upya kwenye daftari la ubatizo.

Sisi Walutheri tuna maneno makali juu ya wanaouza mafuta na maji ya upako, na mengi ya maneno hayo ni ya haki. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani, wakisukumana kwenda kukanyaga mafuta hayo. Nchi nzima iliomboleza. Lakini kabla hatujanyosha kidole, tujiulize watu wanakimbilia nini huko. Wanakimbilia pale wanapoambiwa "leo". Binti aliyeambiwa angoje mwaka kwetu, akamsikia mtu kwenye spika anasema njoo sasa hivi, tutamlaumu kwa miguu yake kwenda? Mkutano wa Shirikisho la Walutheri Duniani uliofanyika Windhoek, Namibia, Mei 2017, miaka 500 baada ya hoja za Luther, ulitangaza kwamba wokovu hauuzwi. Tuliitikia amina. Lakini bei si noti peke yake. Aibu nayo ni fedha. Miezi ya kukaa nyuma nayo ni fedha. Na pale ambapo anayetaka kurudi anaulizwa kwanza kama bahasha zake za ahadi zimekamilika, hapo hata Tetzel angejiona yuko nyumbani.

Imebaki hofu moja, nayo ndiyo mama wa hoja zote: tukisamehe upesi hivi, nani atakayeogopa kutenda dhambi? Paulo aliulizwa hivyo hivyo, naye akajibu katika Warumi 6 kwamba aliyeifia dhambi hawezi kuendelea kuishi ndani yake. Sisi wa Mgori tuna mfano mlangoni petu. Msitu wetu, hekta zaidi ya 40,000 za miombo, ulikuwa unaliwa. Wakataji mbao, wachoma mkaa, wachoma moto, kila mtu alichukua kwa sababu msitu haukuwa wake. Mpango wa kwanza ulikuwa kuweka mipaka ya serikali na kuwazuia watu. Katikati ya miaka ya 1990 njia nyingine ilifuatwa: vijiji vitano vinavyouzunguka viliambiwa, msitu huu ni wenu, utunzeni. Watu wale wale walioonekana kuwa adui wa msitu wakapanga doria, wakatunga sheria ndogo, wakawakamata wavamizi. Mgori ikawa inatajwa mbali kama mfano wa msitu unaotunzwa na wanakijiji. Hatusemi kwamba uvamizi haukurudi. Msitu una majaribu yake hadi leo, kama moyo wa mwanadamu ulivyo. Tunasema kwamba vitisho havikuwahi kuzaa walinzi. Walinzi walizaliwa siku watu walipokabidhiwa.

Neema hufanya hivyo. Mtu anayetishwa hutafuta mwanya. Mtu aliyekabidhiwa uwana hutunza alichopewa. Baba wa Luka 15 hakumpeleka mwanawe vibandani kwa watumishi miezi sita ili aone kama toba yake ni ya kweli. Kijana alikuja na hotuba aliyoipanga njiani, na sehemu ya kuomba kuwa mtumwa hakupata hata nafasi ya kuisema. Joho lilikwisha kuitwa. Aliyebaki nje ya nyumba siku ile alikuwa kaka, mtu wa nidhamu, asiyewahi kukosa siku ya kazi. Hadithi inaisha tukiwa hatujui kama aliingia. Kila baraza la wazee linaandika mwisho wake.

Kwa hiyo tunayapeleka mambo haya kwa sharika zetu, na tunaomba yajadiliwe katika mikutano yake. Anayetubu aungame kwa mchungaji wake faraghani, apewe ondoleo siku hiyo, na Jumapili inayofuata akaribishwe kwenye Meza ya Bwana pamoja na sisi wengine. Asisimamishwe mbele ya watu, isipokuwa yeye mwenyewe akipenda kutoa ushuhuda. Mtoto wake abatizwe bila kucheleweshwa. Mwanamume atafutwe kwa bidii ile ile, aitwe kwa jina lile lile la mwenye dhambi, na apewe msamaha ule ule. Binti aliye mtoto alindwe na asaidiwe, na aliyemdhuru afikishwe penye sheria. Bahasha zisitajwe kabisa mtu anapotubu. Na anayegoma kutubu, awe na tumbo au awe na shamba la mjane, afuatwe kwa hatua za Mathayo 18, kwa machozi na kwa uvumilivu, mpaka apatikane.

Mvua ikija huku kwetu, inapokuja, haiulizi shamba la nani lilichelewa kupaliliwa. Mkulima wa Singida anajua thamani ya kitu kinachoshuka bila yeye kukistahili, na hakuna aliyewahi kumwona akisimama shambani kuizuia isimfikie jirani yake. Basi tusisimame kati ya Mungu na anayetubu. Yupo Jumapili hii benchi la nyuma, na tunamjua jina. Kabla ibada haijaanza, mmoja wetu ainuke, aende akaketi karibu naye, na wakati wa Chakula cha Bwana ukifika waende pamoja.